Ichiro Suzuki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Shohei Ohtani, mchezaji wa besiboli kutoka Japani, aanze kuvuma Marekani, jina la Ichiro limekuwa likitajwa karibu kila habari yake, na wasomaji wengi hubaki wakijiuliza huyu mwingine ni nani hasa. Hapa yamekusanywa maswali yanayorudiwa zaidi, kuanzia yale ya mtu asiyeijua besiboli kabisa hadi yale yanayowagombanisha mashabiki wa siku nyingi. Jibu likiwa limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Ichiro ni nani?

Ni Mjapani aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1973 na kukulia Toyoyama, mji mdogo wa mkoa wa Aichi, jirani na Nagoya. Alicheza misimu 9 Japani na timu ya Orix BlueWave ya Kobe, kisha misimu 19 Marekani: Seattle Mariners, New York Yankees, Miami Marlins, na mwishoni Mariners tena. Alistaafu Machi 2019 akiwa na miaka 45. Mwaka 2025 aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli la Japani, na mwaka huohuo katika lile la Marekani lililoko Cooperstown, jimbo la New York. Hakuna mchezaji wa Asia aliyewahi kuingia la Marekani kabla yake.

Sijui besiboli. Nijue nini ili nifuatilie maelezo haya?

Machache yanatosha. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga na kufika salama besi ya kwanza au zaidi kwa nguvu ya pigo lake, hiyo ni hiti. Mpira ukiruka uzio wa mbele ni homurani, naye anazunguka besi zote nne bila wasiwasi. Kuiba besi ni kuchomoka kwenda besi inayofuata wakati mrushaji anamtupia mtu mwingine.

Kipimo kinachotajwa sana ni wastani wa kupiga: hiti gawanya kwa nafasi za kupiga. Mwenye 0.300 kwa msimu mzima anahesabiwa kuwa mpigaji mzuri sana, maana yake hata mzuri hukosa mara saba katika kumi. Ukilishika hilo, takwimu za Ichiro zitakushangaza kama zinavyowashangaza wenyewe.

Mbona anaitwa Ichiro tu, bila jina la ukoo?

Suzuki ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea kupita yote Japani. Mwaka 1994 kocha mkuu wa Orix, Akira Ogi, aliamua kijana huyu asajiliwe kwa jina lake la kwanza peke yake, jambo lisilo la kawaida kabisa huko. Ogi hakumtenga: mchezaji mwenzake, Kazuhiro Sato, alisajiliwa msimu huohuo kwa jina la Punch. Katika miezi michache jina Ichiro likajulikana nchi nzima, na hata jezi yake ya Seattle iliandikwa hivyohivyo, pamoja na namba 51.

## Toyoyama na Kobe

Ni nani aliyemfundisha?

Baba yake, Nobuyuki. Tangu Ichiro akiwa mtoto wa shule ya msingi, baba na mwana walikwenda uwanjani karibu kila siku: kutupa, kudaka, kupiga, kisha jioni kwenye kituo cha mazoezi chenye mashine za kurusha mipira. Ichiro anatumia mkono wa kulia kwa kawaida na ndio anaorushia, lakini alifundishwa kupiga kwa kushoto, kwa sababu mpigaji wa kushoto husimama hatua moja au mbili karibu zaidi na besi ya kwanza. Hatua hizo mbili zilikuja kumpa mamia ya hiti.

Malezi hayo yana upande wake mgumu. Ichiro mwenyewe ameyazungumzia miaka mingi baadaye bila kuyapamba, na wapo wanaoona baba alizidisha. Mimi naona hakuna haja ya kuyageuza kuwa mfano wa kulea watoto; kilichobaki kwake ni tabia ya kufanya jambo lilelile kila siku, na hiyo ndiyo iliyombeba.

Ni kweli alikataliwa mwanzoni?

Ni kweli. Orix ilimchagua Novemba 1991 katika raundi ya nne tu ya zoezi ambalo klabu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, akitoka shule ya sekondari ya Aikodai Meiden ya Nagoya, kwani alikuwa mwembamba na wengi hawakuona mwili wa mchezaji wa kulipwa. Misimu ya 1992 na 1993 alikaa zaidi timu ya pili. Kocha mkuu wa wakati huo, Shozo Doi, hakupendezwa na namna yake ya kupiga: aliupeperusha mguu wa kulia kurudi nyuma na mbele kama pendulamu, akauachia mwili usogee kuelekea kwa mrushaji wakati wa kupiga, kinyume cha kila kilichofundishwa. Mwaka 1993 alipiga homurani yake ya kwanza dhidi ya Hideo Nomo, mrushaji aliyeogopwa Japani nzima, na hata hilo halikumpa nafasi ya kudumu.

Akaja Ogi mwaka 1994, akamwacha apige anavyojua. Msimu huo Ichiro akapata hiti 210 katika mechi 130, wa kwanza katika historia ya ligi ya Japani kufikisha 200, kwa wastani wa 0.385. Kuanzia hapo alishika wastani bora wa ligi yake misimu saba mfululizo, hadi alipoondoka.

Kwa nini watu wa Kobe wanamwona kama wao?

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe na viunga vyake. Zaidi ya watu 6,400 walikufa, barabara za juu zikalala ubavu, mitaa mizima ikateketea kwa moto. Kulikuwa na mawazo kwamba Orix ichezee kwingine msimu huo. Timu ikabaki, na kwenye mikono ya jezi zao wakashona maneno ya kuitia moyo Kobe isimame tena.

Mwaka huohuo walichukua ubingwa wa ligi yao, ila wakafungwa kwenye fainali ya taifa na Yakult Swallows. Mwaka 1996 walirudi, na safari hii ubingwa wa ligi waliutwaa nyumbani Kobe, tarehe 23 Septemba, kwa pigo la Ichiro la besi mbili katika zamu ya kumi (mechi ya kawaida ina zamu tisa) lililomaliza mechi palepale. Kisha wakawafunga Yomiuri Giants 4 kwa 1 na kuwa mabingwa wa Japani. Mtu aliyelala kwenye ukumbi wa shule miezi kadhaa kwa kukosa nyumba hasahau timu iliyobaki naye. Ndiyo maana ukitaka kuijua thamani ya Ichiro, usianzie Marekani.

## Marekani

Kwa nini Seattle?

Kwa sababu ya mnada. Wakati huo klabu ya Japani ikimruhusu mchezaji aende Marekani, klabu za huko zilitoa zabuni za siri kwa ajili ya haki ya kuzungumza naye tu. Novemba 2000 Mariners walitoa takriban dola milioni 13.1 na kushinda. Klabu hiyo ilikuwa tayari na mizizi ya Kijapani: mmiliki wake mkuu alikuwa Hiroshi Yamauchi, kiongozi wa Nintendo, na mrushaji Kazuhiro Sasaki alikuwa ameshatangulia hapo.

Warushaji wa Kijapani walikuwa wameshathibitisha uwezo wao huko, hasa Nomo kuanzia 1995. Mpigaji hakuwepo hata mmoja. Wengi Marekani walisema mrushaji wa mpira wa kasi atamvunja gongo mkononi. Ichiro alikwenda akijua kwamba akianguka, mlango utafungwa kwa wapigaji wote watakaomfuata.

Msimu wa 2001 ulikuwaje?

Hiti 242, wastani wa 0.350, besi 56 za kuiba. Alitajwa mchezaji bora wa ligi na mchezaji mpya bora kwa mwaka mmoja, jambo lililokuwa limefanywa na mtu mmoja tu kabla yake, Fred Lynn mwaka 1975. Mariners walishinda mechi 116, sawa na rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906.

Lakini waliomwona mwaka huo hutaja kwanza mrusho mmoja. Tarehe 11 Aprili, Oakland, mkimbiaji Terrence Long alikuwa besi ya kwanza. Mwenzake akapiga mpira ukaenda upande wa kulia, kwa Ichiro. Long akapita besi ya pili akielekea ya tatu, safari ambayo kwa kawaida mkimbiaji huifika bila shida. Ichiro aliuokota mpira akiwa mwendoni na kuuachia. Haukupaa wala kudunda. Ulikata hewa umenyooka toka kona hadi kona na kutua kwenye glavu ya mlinzi wa besi ya tatu, Long akabaki kujirusha kuelekea glavu iliyokuwa ikimsubiri. Baada ya siku hiyo wakimbiaji walianza kufikiri mara mbili mpira ukienda kwake, na hayo ni mafanikio yasiyoingia kwenye takwimu yoyote.

Rekodi ya hiti 262 ni ipi?

Ni hiti nyingi kuliko zote katika msimu mmoja wa ligi kuu ya Marekani. George Sisler wa St. Louis aliweka 257 mwaka 1920, na kwa miaka 84 hakuna aliyemfikia. Tarehe 1 Oktoba 2004, uwanjani kwao Seattle, Ichiro aliipata ya 258 kwa pigo la chini lililopita katikati ya uwanja. Binti yake Sisler, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, alikuwa ameketi karibu na uwanja; Ichiro akawaacha wachezaji wenzake waliomzingira, akaenda kumpa mkono. Alimaliza msimu na 262 kwa wastani wa 0.372, na kati ya hizo, 225 zilikuwa za besi moja tu.

Mwaka 2009, alipokwenda St. Louis kwa mechi ya nyota wa ligi, alifika pamoja na mkewe kwenye kaburi la Sisler kuweka maua. Hakuna aliyemlazimisha.

Kwa nini hakupiga homurani nyingi? Alikosa nguvu?

Alipiga 117 Marekani, ambazo kwa misimu 19 ni chache. Nguvu haikuwa tatizo: kwenye mazoezi alipiga mipira nje ya uzio mmoja baada ya mwingine hadi wageni wakaacha shughuli zao kumtazama. Septemba 2009 alimpiga Mariano Rivera wa Yankees homurani iliyomaliza mechi, na Rivera ni mrushaji ambaye wengi hawakumgusa.

Alichagua. Alifika Marekani wakati kila mtu alilewa homurani, miili ikivimba mwaka hadi mwaka, na dawa haramu zikitumika kwa kificho. Yeye akajenga jina kwa mpira mdogo: kuusukuma katikati ya walinzi wawili, kuugusa uanguke mbele ya mlinzi, kisha miguu. Mara nyingi alikuwa ameanza kukimbia kabla gongo halijamaliza mzunguko. Kwa misimu kumi mfululizo, 2001 hadi 2010, hakushuka chini ya hiti 200, na kila mwaka kati ya hiyo kumi alipata Glavu ya Dhahabu kwa ulinzi na kuitwa mechi ya nyota. Katika mechi ya nyota ya 2007 huko San Francisco alipiga mpira uliogonga ukuta na kubadili njia, akazunguka besi zote nne kwa miguu, homurani ya aina hiyo ya kwanza katika historia ya mechi hizo.

Aliwahi kuwa bingwa wa Marekani?

Hapana. Mwaka 2001 Mariners walitolewa na Yankees hatua moja kabla ya fainali, na hadi msimu wa 2025 Seattle ilikuwa haijawahi kucheza fainali hiyo. Julai 2012 alihamia Yankees, ajabu ni kwamba siku hiyohiyo Yankees walikuwa Seattle, hivyo alibadilisha chumba cha kuvalia tu na kuwainamia mashabiki wake akiwa na jezi ya wageni, namba 31. Msimu huo pia waliishia hatua moja kabla ya fainali.

Na timu ya taifa?

Huko alishinda, mwaka 2006 na 2009, mara mbili za kwanza za kombe la dunia la besiboli. Fainali ya 2009 dhidi ya Korea Kusini, Los Angeles, ndiyo inayokumbukwa. Ichiro alikuwa amecheza vibaya mashindano yote, na Wajapani walianza kuuliza waziwazi kwa nini bado anapangwa. Zamu ya kumi, mambo 3 kwa 3, wakimbiaji wawili wakisubiri, akasimama mbele ya mrushaji Lim Chang-yong. Aliikata mipira mibaya nje ya mistari mmoja baada ya mwingine mpaka alipopata alioutaka, akaupiga katikati, wawili wakafunga, Japani ikashinda 5 kwa 3. Muda mfupi baadaye aligundulika kuwa na kidonda cha tumbo kinachovuja damu, akakosa mechi nane za kwanza za msimu wa Seattle.

## Maswali yenye ubishi

Hiti zake ni 3,089 au 4,367? Amempita Pete Rose?

Zote mbili ni sahihi, ukisema unahesabu nini. Marekani alipata 3,089. Ile ya 3,000 aliipata Denver tarehe 7 Agosti 2016 akiwa na Marlins. Japani alipata 1,278. Jumla 4,367. Rose, Mmarekani mwenye rekodi ya hiti, ana 4,256, zote za ligi kuu ya Marekani, na Ichiro alipofikisha 4,257 huko San Diego Juni 2016, Rose alilalamika hadharani kwamba za Japani hazipaswi kuhesabiwa.

Msimamo wangu: rekodi ya ligi ya Marekani ni ya Rose na ibaki yake, kwani Ichiro hakuanza kucheza humo hadi miaka 27. Lakini kudai kwamba zile 1,278 ni za ligi dhaifu ni kutojua hesabu. Msimu wa Japani wakati wake ulikuwa na mechi 130 hadi 135, wa Marekani 162. Na alipohama, hakushuka: mwaka wake wa kwanza alipata hiti nyingi kuliko mwaka wowote aliocheza Japani.

Ni nani hakumpigia kura?

Kati ya wapiga kura 394 wa Jumba la Heshima la Marekani, Januari 2025, 393 walimchagua. Mmoja hakumchagua na hajulikani. Ichiro alisema angependa kumkaribisha nyumbani kwake wanywe pamoja na kuzungumza. Kwangu kura hiyo haikumpunguzia kitu, ila inasikitisha kwamba aliyeipiga hakujitokeza kuitetea. Sherehe ilifanyika tarehe 27 Julai 2025, naye akahutubia kwa Kiingereza, yeye ambaye kwa miaka yote alizungumza na waandishi wa Marekani kupitia mkalimani.

Ni kweli alikataa heshima ya serikali ya Japani?

Ndiyo, Tuzo ya Heshima ya Taifa, mara tatu: 2001, 2004 na 2019. Mara za kwanza alisema bado anacheza na bado ana safari.

Ohtani amempita?

Wanafanya kazi tofauti. Ohtani anarusha na kupiga homurani. Ichiro hakufanya lolote kati ya hayo kwa kiwango hicho. Kabla ya Ohtani kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, Mjapani pekee aliyekuwa nayo tuzo hiyo alikuwa Ichiro. Na bila majira ya 2001, sioni klabu ikimwamini mpigaji wa Kijapani kwa fedha nyingi.

## Vifaa, kustaafu, na sasa

Habari za magongo yake ni za kweli?

Ni za kweli. Magongo yake yalichongwa na fundi wa Mizuno, Isokazu Kubota, huko Yoro mkoani Gifu, kwa kipimo ambacho hakikubadilika kwa miaka mingi. Aliyasafirisha katika sanduku linalozuia unyevu, kwa sababu mti ukinywa maji gongo huwa zito, na yeye aliihisi tofauti ambayo wengine hawaioni. Glavu na viatu alivisafisha mwenyewe.

Alistaafu vipi?

Tokyo Dome, tarehe 21 Machi 2019, Mariners dhidi ya Oakland. Hakupata hiti hata moja. Zamu ya nane alikwenda nafasi yake ya kulia kama kawaida, kisha wenzake wote wakaitwa kutoka uwanjani ili atoke kwa taratibu akishangiliwa. Yusei Kikuchi, mrushaji wa Kijapani aliyekuwa akianza maisha yake ya ligi kuu siku hiyohiyo, alilia kifuani kwake. Mechi ilipokwisha baada ya zamu 12 watu hawakuondoka, ikabidi arudi uwanjani kuwaaga. Mkutano wake na waandishi ulianza karibu na saa sita usiku na kuendelea zaidi ya saa moja.

Siku hizi anafanya nini?

Bado yuko na Mariners kama mshauri, na huvaa sare na kufanya mazoezi na vijana. Tarehe 9 Agosti 2025 klabu iliistaafisha namba 51 yake. Japani ina sheria kali zinazowatenganisha wachezaji wa kulipwa na wa shule, hivyo alisoma kozi na kupata kibali mwaka 2020. Desemba mwaka huo akaanza kwa kuwafundisha wanafunzi wa Chiben Wakayama, na tangu hapo hutembelea shule mbalimbali.

Je, besiboli ipo kwetu Afrika Mashariki?

Ipo, na uzi wa Japani upo pia. Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari Azania, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien, uwanja ambako shule za sekondari za Japani hushindana na ambako Ichiro mwenyewe alicheza akiwa mwanafunzi. Uganda nako watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, mwaka 2012.

Nianze na video gani?

Anza na ule mrusho wa Oakland, kisha zamu ya kumi ya fainali ya 2009. Mazingira ya zote mbili yameelezwa hapo juu. Baada ya hapo tafuta mechi nzima ya 2001 au 2004, umtazame kabla mpira haujatupwa: anavyochuchumaa kujinyoosha, anavyoelekeza gongo kwa mrushaji na kuivuta kidogo jezi begani. Anafanya hivyo kila anaposimama kupiga, hata timu yake ikiwa imeshafungwa vibaya na mechi haina maana tena.